Paa, Kuta na Kile Kisichoonekana kutoka Barabarani

Mazungumzo ya leo yanapanda juu ya paa, kisha yanashuka kwenye kuta za nje za jengo la biashara, liwe la fremu za maduka, godauni, hoteli, supamaketi au ofisi za ghorofa.

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Gerezani, jijini Dar es Salaam, mteja anayejenga fremu huulizwa mambo mawili kabla hajakaa vizuri: rangi gani, geji ngapi? Akishajibu kwamba anataka nyekundu, geji 30, kalkuleta inatolewa, bei inapigwa kwa mita, na maongezi yanahamia kwenye usafiri. Jengo liko umbali gani kutoka baharini, hakuna aliyeuliza. Ndani yatakaa magunia ya unga au magodoro, hakuna aliyeuliza. Jirani kuna kiwanda kinachotoa moshi? Nalo halikuulizwa.

Hapo ndipo fedha nyingi za wajenzi zinapopotelea. Rangi huonekana kutoka barabarani, na mwinuko wa paa huonekana pia. Vitu vinavyoamua kama paa litadumu miaka 5 au 30 vimejificha: tabaka la zinki lililo chini ya rangi, mpira ulio chini ya kichwa cha skrubu, na kile kilichojazwa katikati ya paneli ya ukutani. Mnunuzi makini hulipia hivyo, na hujifunza kuviulizia kwa majina yake.

Bati lenyewe si geni. Mwaka 1829 mhandisi Mwingereza Henry Robinson Palmer, aliyekuwa akifanya kazi kwenye gati za London, alipata hataza ya karatasi za chuma zilizokunjwa migongo. Migongo ile ndiyo siri yake: karatasi nyembamba isiyoweza kujibeba hupata nguvu ya kuvuka kutoka boriti moja hadi nyingine bila kupinda. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akasajili njia ya kukinga chuma kwa zinki. Mambo hayo mawili yalipokutana, bati likasafiri dunia nzima. Lilifika Afrika Mashariki kwa wingi pamoja na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na Nairobi ilipozaliwa mwaka 1899 kama kituo cha reli, maduka na ofisi zake za mwanzo zilikuwa za mbao na bati, paa na kuta kwa pamoja. Tangu siku hizo hadi leo, jengo la biashara Afrika Mashariki ni jengo la bati mpaka mwenyewe aamue vinginevyo.

Tuanze na geji, kwa sababu inachanganya watu wengi. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 ni karibu 0.3, na geji 32 ni karibu 0.25. Anayetoka geji 28 kwenda geji 32 amepunguza zaidi ya theluthi moja ya chuma chake. Kwa kibanda cha kuku si neno. Kwa godauni ambalo fundi atapanda kila mwaka kusafisha gata na kukarabati, bati la geji 32 litabonyea chini ya kisigino chake, na kila pale linapobonyea maji yatatuama.

Unene unapimika. Mafundi wazoefu hubeba maikromita, kifaa kidogo kinachoingia mfukoni, nao hupima ukingo wa bati palepale dukani. Asiye na maikromita anaweza kutumia mizani. Karatasi bapa ya chuma yenye eneo la mita 1 ya mraba na unene wa milimita 0.4 ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 3, na ya milimita 0.3 ina karibu kilo 2.4. Bati likiandikwa geji 28 halafu mizani ikasema jingine, muuzaji ana la kueleza.

Hata hivyo geji ni nusu ya habari. Chuma kinene kisicho na kinga huoza kama chembamba, kinachelewa kidogo tu. Nusu ya pili ni zinki, nayo hupimwa kwa gramu. Katika karatasi za kiwanda huandikwa herufi Z na namba. Z275 ina maana kwamba kila mita 1 ya mraba imepakwa gramu 275 za zinki, pande zote mbili zikijumlishwa. Ukigawanya, kila upande unapata tabaka la karibu maikroni 20. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni kama 70, kwa hiyo kinachosimama kati ya mvua na chuma ni chini ya theluthi ya unywele. Mabati ya bei rahisi huwa na Z100 au pungufu, yaani maikroni 7 kwa upande.

Sasa hesabu hiyo ipelekwe pwani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kimegawa hewa ya dunia katika madaraja, kuanzia C1, hewa ya ndani ya jengo kavu, hadi C5 na CX, hewa ya chumvi kali au ya viwanda vizito. Katika daraja la C2, ambalo ni hewa kavu na safi ya bara, zinki hulika kwa maikroni 0.1 hadi 0.7 kwa mwaka. Katika C5 hulika kwa maikroni 4.2 hadi 8.4. Maana yake ni hii: tabaka la maikroni 20 linaloweza kukaa miaka 28 na zaidi katika hewa ya C2, huisha kwa miaka isiyofika 5 ufukweni penye mawimbi, kama halina rangi juu yake. Lile la maikroni 7 halimalizi miaka miwili.

Ndiyo maana mtu aliyejenga godauni Dodoma akasifu bati lake, na mwenzake aliyenunua bati lilelile kwa muuzaji yuleyule akalijengea Mjimwema, Kilwa Masoko au Nyali akalilaani, wote wawili wanasema kweli. Bati ni moja, hewa ni mbili. Swali la kwanza katika kuchagua paa basi si la dukani. Ni la kiwanja: upepo unatoka wapi, na unabeba nini?

Jibu la viwanda kwa tatizo la chumvi ni mchanganyiko ambao mafundi wanauita aluzinki. Ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1972, na kwa uzito una asilimia 55 ya alumini, asilimia 43.4 ya zinki na asilimia 1.6 ya silikoni. Alumini huweka ngozi ngumu inayozuia kutu kusambaa, na zinki hulinda pale bati lilipokatwa au kukwaruzwa. Huandikwa kwa herufi AZ, na AZ150 ina gramu 150 kwa mita ya mraba. Kwa kuwa alumini ni nyepesi, gramu hizo chache hutoa unene uleule wa karibu maikroni 20, ila hulika polepole zaidi kuliko zinki tupu. Juu yake huja rangi ya kiwandani, nayo ina viwango vyake. Rangi ya bei ya chini hupauka na kugeuka unga kwenye jua la ikweta muda mrefu kabla chuma hakijaguswa.

Aluzinki ina maadui, na wengi wao huletwa na fundi mwenyewe. Saruji mbichi na chokaa huunguza alumini, kwa hiyo bati lililoegemezwa kwenye plasta ambayo haijakauka huanza kuchakaa kabla jengo halijafunguliwa. Maji yanayotoka kwenye bomba la shaba la kiyoyozi na kutiririka juu ya bati hula mstari mmoja mwembamba, siku baada ya siku, hadi tundu litokee. Halafu kuna grainda. Fundi anayekata bati kwa jiwe la grainda huunguza kinga kwenye ukingo, na cheche zake humwaga vumbi la chuma juu ya mabati yaliyokwisha kupigwa. Baada ya mvua ya kwanza, paa jipya huonekana lina madoadoa mekundu kama tetekuwanga, na mwenye jengo hukimbilia kumlaumu aliyemuuzia. Mkasi wa bati ungemwepusha na hayo yote, na kufagia paa kila jioni kabla ya kushuka kungesaidia.

Kutoka kwenye karatasi twende kwenye kinachoishikilia. Bati la chuma lenye urefu wa mita 10, likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri wa nyuzi 22 na kufika nyuzi 62 saa saba mchana, hurefuka kwa karibu milimita 5. La alumini hurefuka maradufu. Usiku linarudi. Mwendo huo, kila siku, mwaka mzima, ndio unaotoa misumari ya bati kwenye papi za mbao. Msumari hupanda kidogokidogo, kofia yake huachia, na maji hupata njia. Kwa jengo la biashara, skrubu zenye mpira wa kuhimili jua ndizo zinazofaa, na kufungwa kwake kunataka mkono wenye akili. Ikilegea, maji hupita. Ikikazwa kupita kiasi, mpira hupasuka na kutokeza pembeni, nao hufa mapema. Mkaguzi anayejua kazi hupiga magoti juu ya paa na kutazama mipira hiyo moja baada ya nyingine kabla hajasaini chochote.

Upepo nao una hesabu yake. Watu hudhani upepo hulisukuma paa, kumbe mara nyingi hulinyonya. Ukipita kwa kasi juu ya jengo, hewa iliyo juu ya bati hupungua msukumo, na ile iliyo ndani hulinyanyua. Mahali panaponyonywa zaidi ni pembe, kingo na kofia ya paa. Godauni lenye mlango mkubwa ulio wazi upande wa upepo liko hatarini maradufu, kwani upepo huingia na kuinua kwa chini huku mwingine ukivuta kwa juu. Pwani yetu ilizoea kusema kimbunga ni habari ya Msumbiji na Madagaska, lakini Zanzibar ilipigwa vibaya mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Anayepaua kati ya Tanga na Mtwara hana sababu ya kuweka skrubu za pembeni kwa idadi ileile ya zile za katikati.

Mtindo unaotamba sasa, kuanzia Sinza hadi Njiro, ni paa la kuficha: kuta zinapandishwa juu, bati linalala chini nyuma yake kwa mwinuko mdogo, na jengo linaonekana kama sanduku la kisasa. Kwa fremu za biashara mtindo huu una faida, maana ukuta ulioinuka ndio unaobeba bango. Gharama yake iko kwenye gata ya ndani. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Ikinyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, jambo ambalo masika hulifanya kwa dakika kadhaa bila shida, paa la mita za mraba 500 linamwaga lita 50,000 kwa saa, karibu lita 14 kila sekunde. Gata ya nje ikizidiwa, maji humwagika uani. Gata ya ndani ikizibwa na mfuko mmoja wa plastiki au kiota cha kunguru, maji hayana pa kwenda isipokuwa dukani, juu ya bidhaa. Anayetaka paa la kuficha anatakiwa kulipia gata pana, mabomba ya kushukia zaidi ya moja, na tundu la dharura kwenye ukuta ambalo litamwaga maji nje na kumwonyesha kila mpita njia kwamba kuna kitu kimeziba.

Yupo mbunifu aliyeyageuza maji hayo kuwa mali. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Hakutumia bati. Alisimamisha nguzo za zege zinazofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa, kila moja ikipokea mvua na kuiteremsha katikati yake hadi kwenye hifadhi ya maji ya soko. Hewa ya moto hupanda na kutoka kwenye nafasi zilizoachwa kati ya mwavuli na mwavuli, na mwanga huingia palepale. Paa moja likawa kivuli, feni, taa na bomba.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua. Mali za wafanyabiashara ziliteketea, lakini maganda yale ya zege yalibaki yamesimama, na serikali ikachagua kulikarabati jengo la Amuli na kujenga jingine jipya pembeni yake. Zege ni ghali, ni zito, na linadai msingi mkubwa. Si kila mwenye fremu sita anaweza kulimudu. Ila pale Kariakoo lilionyesha tofauti kati ya jengo lililounguliwa na vitu vyake na jengo linaloungua lenyewe.

Tofauti hiyo inatufikisha kwenye kuta.

Kwa karne nyingi ukuta wa nje wa jengo la biashara pwani ulikuwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa hivyo, na nyumba zake nyingi leo ni hoteli na maduka. Matumbawe hunyonya unyevu, na chokaa huuruhusu utoke. Mwenye hoteli anayeona plasta ya zamani imebanduka akaamua kupiga saruji ili aimalize kazi mara moja, hufungia unyevu ndani. Chumvi iliyomo kwenye mawe hupanda na maji, hukwama nyuma ya saruji, hujikusanya na kuisukuma. Baada ya misimu michache plasta huanguka kwa mabamba makubwa, ikiondoka na uso wa jiwe. Chokaa hudai kurudiwa kila baada ya muda, lakini huacha ukuta ukiwa mzima.

Katika miji mingine, ukuta unaotamaniwa sasa ni ule wa paneli za alumini zinazong'aa, ambazo mafundi wengi huziita kwa jina la chapa moja, Alucobond, hata zikiwa za kiwanda kingine kabisa. Vituo vya mafuta, benki na maduka ya magari hufunikwa nazo. Ni karatasi mbili nyembamba za alumini zilizogandishwa pande mbili za kiini, na unene wote kwa kawaida ni milimita 3 hadi 6. Ni nyepesi, hukatwa kirahisi, na jengo la zamani hugeuka jipya kwa wiki chache. Kwa macho, paneli zote ni sawa. Kilichomo ndani ndicho kinachotenganisha biashara na msiba.

Mwaka 2016 ukarabati wa Grenfell Tower, jengo la makazi la ghorofa 24 magharibi mwa London, ulikamilika. Mipango ya awali ilitaja paneli za zinki. Zikabadilishwa, zikawekwa za alumini zenye kiini cha plastiki ya polyethilini, na hesabu za mradi zikaonyesha nafuu ya karibu pauni 300,000. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 friji moja katika ghorofa ya nne ilishika moto. Moto ukatoka dirishani, ukagusa paneli, na ndani ya nusu saa ulikuwa umefika kileleni. Watu 72 walikufa. Uchunguzi wa serikali, uliotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 2019 na ya mwisho Septemba 2024, uliona kwamba paneli zile ndizo zilizokuwa sababu kuu ya moto kuenea kwa kasi ile. Plastiki iliyeyuka, ikawaka, ikadondoka ikiwa inawaka, na uwazi ulioachwa kati ya paneli na ukuta ukawa bomba la kupandishia moto. Mwaka 2018 Uingereza ilipiga marufuku vifaa vinavyowaka kwenye kuta za nje za majengo marefu mapya ya makazi.

Ghuba walikuwa wameonja kabla ya London. Jengo la makazi la Torch, Dubai, liliwaka mwaka 2015, likawaka tena mwaka 2017, na mkesha wa mwaka mpya wa 2016 ilikuwa zamu ya hoteli ya Address Downtown. Umoja wa Falme za Kiarabu ukakaza kanuni zake za moto. Habari hiyo inawahusu wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh, ambao wengi huagiza bidhaa Dubai na Guangzhou. Soko moja likifunga mlango kwa bidhaa fulani, bidhaa hiyo haipotei duniani. Hutafuta soko ambalo bado halijauliza.

Na kuuliza kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Mnunuzi anaomba kipande, anakiangalia kwa ubavu. Kiini cheusi au cheupe, laini kama plastiki ya ndoo, kinachoyeyuka na kudondoka kikiguswa na kiberiti nje ya duka, ni polyethilini. Kiini cha kijivu au cheupe kinachokatika kwa unga huwa kina madini mengi. Lakini rangi inaweza kudanganya, kwa hiyo karatasi ya maabara ndiyo hukumu: kwa madaraja ya Ulaya, A1 na A2 ni vifaa visivyowaka au vinavyochangia moto kidogo mno, kisha B, na hivyo kushuka hadi F. Jengo la ghorofa linalopokea wageni halina sababu ya kushuka chini ya A2. Nyuma ya paneli, kila ghorofa inatakiwa iwe na kizuizi cha moto kinachokata ule uwazi usiwe bomba.

Kanuni hiyohiyo inahamia kwenye paneli nene za vyumba baridi, zile zinazojengewa viwanda vya samaki Mwanza na vya maua Naivasha: bati, povu, bati. Povu la poliurethani huzuia joto vizuri kuliko karibu kitu chochote cha bei hiyo, na likiungua hutoa moshi wenye sumu ya sianidi. Paneli za sufi ya mawe ni nzito zaidi na huzuia joto kwa kiwango cha chini kidogo, ila haziwaki. Chumba baridi kilichojitenga uani kinaweza kuwa cha povu. Ukuta unaopakana na jiko la hoteli, au duka la jirani, ni habari nyingine.

Hotelini ufukweni kuna makuti, na makuti hayana mpinzani kwa ubaridi wala kwa macho ya mgeni. Mwenye hoteli anajua atayabadilisha kila baada ya miaka michache. Anachosahau ni majira ya kaskazi, Desemba hadi Machi, yanapokuwa makavu na upepo haulali. Cheche moja ya jiko la mkaa hupanda, na banda la mgahawa likishika, linapeleka moto kwa banda la pili na la jirani. Wanaojua huweka jiko chini ya bati au zege, huachanisha mabanda, na hupitisha juu ya kofia bomba la maji lenye matundu, likiwa na pampu isiyotegemea umeme wa jengo.

Neno moja kwa anayenunua godauni la zamani badala ya kujenga. Mengi ya miaka ya 1960 hadi 1980 yameezekwa kwa karatasi za kijivu za saruji na asbesto. Nyuzi za asbesto zikivutwa kwenye mapafu huleta saratani baada ya miaka mingi. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1999, Umoja wa Ulaya mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008, na Rwanda imekuwa ikiendesha kampeni ya kuyaondoa mapaa hayo nchi nzima. Karatasi nzima isiyovunjika haina haraka. Hatari huanza inapokatwa, inapotobolewa au inapovunjwa kwa nyundo. Kuiondoa ni kazi ya watu wenye vifaa, huku karatasi zikilowanishwa, na gharama yake inapaswa kukatwa kwenye bei ya jengo kabla mkataba haujasainiwa.

Kilichobaki ni karatasi za ofisini. Kenya ilianza kutumia kanuni mpya za taifa za ujenzi mwaka 2025, zikichukua nafasi ya zile za mwaka 1968. Tanzania ina Shirika la Viwango, TBS, na michoro ya jengo la biashara hupita kwa wataalamu waliosajiliwa na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwenye jengo naye ana la kwake: kuandika kwenye mkataba aina ya bati, unene wake kwa milimita, kinga yake kwa herufi na namba, aina ya skrubu na daraja la moto la paneli. Fundi akileta "inayofanana na hiyo", mkataba ndio unaomjibu.

Dhamana ya kiwanda isomwe hadi mwisho, hasa masharti ya umbali kutoka baharini, maana dhamana nyingi za mabati ya rangi huishia mita kadhaa kabla ya ufukwe. Sharti lingine la kawaida ni kuosha. Mvua huosha chumvi juu ya paa, lakini haifiki ukutani chini ya upenu, na hapo ndipo kuta za bati huanza kupasuka rangi. Kazi hiyo hufanywa kwa mpira wa maji na brashi laini, kila baada ya miezi michache pale penye upepo wa bahari, na tarehe huandikwa kwenye daftari la jengo, kwa sababu siku ya kudai dhamana kiwanda kinaweza kuomba kuiona.